Mkataba wa ajira wa kununua steshenari sh 2,000 na ule wa kuandikiwa ofisini Kabwe, nimetumia yote miwili

Wenye shule ndogo, maduka, saluni na gesti za Mbeya hapa naomba mnisome mpaka mwisho. Kila Januari kwenye magrupu yetu ya wasapu lazima mtu aulize "jamani nani ana fomu ya mkataba wa ajira anirushie", na kila Januari kuna watu kumi wanamrushia, ile ile, imeshapigwa fotokopi mpaka herufi zimekua kama chungu. Mi hiyo fomu nilinunua. Nimeitumia miaka mitatu kwenye shule yangu ya awali huku Uyole na imenifikisha CMA, kule kunakosikilizwa migogoro ya kazi, ndo maana naandika.

Nilinunua Januari 2022, steshenari moja hapo Mwanjelwa, jina silitaji maana yule kaka anauza karatasi tu, hakuwahi kuniambia yeye ni mwanasheria. Sh 2,000 kwa nakala mbili. Karatasi mbili zimebanwa pini, juu imeandikwa MKATABA WA AJIRA kwa herufi kubwa, kuna sehemu ya kuweka picha pasipoti, muhuri, shahidi wa pande zote mbili, yaani ukiiona unasema hapa nimemaliza kazi. Nikaijaza na madamu wa darasa la awali, tukasaini, nikaweka kwenye faili. Nilijiona mwajiri kamili.

Sasa nieleze kilichomo ndani maana hii ni rivyu ya bidhaa. Kipengele cha muda kimeandikwa hivi, mkataba huu ni wa muda wa ...... kuanzia ...... hadi ...... na unaweza kuongezwa kwa makubaliano. Basi. Haisemi kuongezwa kunafanyikaje, nani anaanza kuongea, lini, kwa maandishi au kwa mdomo, na wala haisemi mtu akiendelea kuja kazini baada ya tarehe kupita inakuaje. Likizo wameandika siku 21, wakati sheria yetu ya Tanzania ni siku 28 kwa mwaka. Baadae nikaambiwa siku 21 za kazi ni za sheria ya Kenya, kwa hiyo inawezekana hiyo fomu mtu aliitoa huko akabadilisha jina la nchi tu. Notisi wameweka siku 7 muda wowote, wakati kwetu siku 7 ni kama mtu ndo yuko mwezi wa kwanza wa kazi, akishavuka hapo na analipwa kwa mwezi ni siku 28. Na mwishoni kuna mstari unasema mwajiriwa hatadai chochote mkataba ukiisha. Ule mstari ndo ulinifurahisha kuliko yote siku nanunua, na ndo hauna kazi kuliko yote, sababu mshahara wa siku alizofanya, likizo aliyokua hajalipwa na cheti cha utumishi ni haki yake kisheria, huwezi kumfutia kwa mstari mmoja wa steshenari.

Mwaka wa kwanza ukaisha vizuri. Januari 2023 nikapiga fotokopi nyingine, nikabadili tarehe, tukasaini tena. Januari 2024 hatukusaini kitu. Sio kwamba niliamua, nilisahau tu, shule ilikua inafunguliwa, mvua zinanyesha, choo cha watoto kimejaa, wazazi wanakuja kulipa ada nusu nusu, madamu kaja kazini kama kawaida yake saa 1 asubuhi kaanza kupokea watoto na mimi nikaendelea kumlipa kila mwezi kama kawaida. Mwaka mzima wa 2024 tukaenda hivo.

Nilipokosea zaidi ni Novemba. Siku ya mahafali, viti vimejaa, wazazi wamevaa, mimi nimeshika maiki nikawaambia wazazi kwa furaha kabisa kwamba mwakani madamu ataendelea na darasa la awali, watoto wenu wako mikono salama. Watu wakapiga vigelegele. Nilimaanisha kabisa, sikua namdanganya mtu. Na wiki hiyo hiyo nikamuomba aandae ratiba ya 2025.

Disemba nikakaa na daftari la ada nikaona watoto waliothibitisha kurudi ni 19 kutoka 34. Kuna shule mpya imefunguliwa upande wa pili wa barabara na ina basi. Sikua na mshahara wa walimu wawili. Tarehe 4 Januari nikamtumia madamu meseji, nikamwambia mkataba wake uliisha tarehe 31 Disemba na sitaweza kuuongeza, namshukuru kwa yote. Meseji. Mtu aliyelea watoto wangu wa shule miaka mitatu nikamuaga kwa meseji, hili linaniuma mpaka leo kuliko hata hela zilizotoka.

Kichwani mwangu nilijua niko sahihi, maana si mkataba una tarehe ya mwisho? Tarehe ikifika si umeisha? Na kweli, kanuni zinasema hivo, zile Kanuni za Utendaji Bora za 2007, tangazo la serikali namba 42, kwamba mkataba wa muda maalumu unajimaliza wenyewe muda ukifika. Watu wengi tunaishia hapo. Ila kanuni hiyo hiyo ya 4 inaendelea, inasema mtu akiendelea kufanya kazi baada ya muda kuisha, mkataba unaweza kuhesabika umeongezwa wenyewe kama mazingira yanaonyesha hivo, alafu inasema ukigoma kumuongezea mtu ambae alikua na matarajio ya msingi kwamba ataongezewa inaweza kuhesabika umemuachisha kazi isivyo halali. Na sheria yenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini namba 6 ya 2004, kifungu cha 36, inataja hilo la kutoongeza mkataba kama moja ya aina za kuachishwa kazi. Anaetakiwa kuonyesha alikua na matarajio ni mfanyakazi, na sio kwa kusema tu "mi nilitegemea", anatakiwa aonyeshe kitu cha kushikika, mfano mkataba ulishaongezwa huko nyuma au mwajiri aliahidi.

Sasa jiulize madamu alikua na nini mkononi. Alikua na vyote. Kuongezewa 2023, kuendelea 2024 bila karatasi, ratiba ya 2025 niliyomuagiza mwenyewe, na hotuba yangu ya mahafali ambayo mzazi mmoja aliirekodi kwa simu.

Alileta mwenyewe fomu ya CMA F.1, ile ya kufungua mgogoro, akanikuta ofisini, akasalimia kwa heshima zote "shikamoo mama", akaniomba nisaini kwamba nimepokea. Nikasaini mkono unatetemeka. Nikaona tarehe, alikua ndani ya siku 30 tangu nimtumie ile meseji, na hizo siku 30 ndo kikomo kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, ukichelewa unatakiwa uombe kuongezewa muda na utoe sababu, sio lazima wakubali. Wafanyakazi mnaosoma hapa shikeni hilo, wengi mnakaa mnasubiri bosi atabadili mawazo, atarudi safari, atapata hela, siku zinakwisha.

CMA ni ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sisi wa Mbeya ofisi ipo hapa hapa mjini. Kwa upande wa huduma yao nawapa haki yao, nilienda nikiwa na hofu kama naenda polisi, nikapokelewa vizuri, hakuna aliyenifokea, unaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, na hiyo hatua sheria imeipa siku 30, mkishindwana ndo inaenda kwenye uamuzi ambako ushahidi unatolewa kabisa. Unaweza kwenda mwenyewe, sio lazima wakili. Yaliyosemwa mle ndani siwezi kuyaandika maana usuluhishi ni siri ya walioko mezani, na kiasi tulichokubaliana pia sikitaji. Nitasema tu tulielewana, nikalipa kwa awamu mbili, nikampa cheti chake cha utumishi, na madamu sasa anafundisha sehemu nyingine. Tukikutana sokoni Uyole tunasalimiana. Kabla ya kwenda nilikua nimeambiwa kwamba kwa sheria ilivyokua wakati ule, mtu akishinda kesi ya kuachishwa isivyo halali fidia ilianzia mishahara ya miezi 12. Kwa shule yenye watoto 19 hiyo ni kufunga geti.

Kwa hiyo fomu ya steshenari nampa nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni sababu angalau ilinifanya niweke tarehe na saini, kuna wenzangu hawana hata hiyo.

Sasa bidhaa ya pili.

Baada ya hayo yote mzazi mmoja akanielekeza ofisi ya wakili iko ghorofani maeneo ya Kabwe, na yenyewe siitaji jina, sijatumwa na mtu kuitangaza, ukipanda pale utaiona, ngazi zake ni za chuma na asubuhi zinateleza kwa ukungu, kuweni makini kina mama. Wakili ni kijana, na kuna dada wa mapokezi ambae kwa kweli ndo anaendesha ile ofisi. Walinitoza sh 80,000 kuandika mkataba wa mwalimu, na wa mpishi na mlinzi sh 30,000 kila mmoja, risiti nikapewa. Najua mtu atasema 80,000 kwa karatasi, ila mimi pale sikununua karatasi. Nilikaa naulizwa maswali karibu saa moja na nusu.

Swali la kwanza alilonitupia, mama kwanini unataka mkataba wa muda maalumu? Nikakosa jibu. Nikasema si ndo kila mtu anatumia. Akaniambia hapana, lazima ujue unautaka wa nini, sababu kifungu cha 14 cha ile Sheria ya Ajira kiliweka mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na watu wa kada ya uongozi, mwalimu anaingia hapo, lakini mpishi na mlinzi nilikua nawajazisha ile ile fomu ya mwaka mmoja mmoja na hawakutakiwa kuwekwa humo. Akasema marekebisho ya 2025 yamepanua, yameongeza hali nyingine kama kazi za msimu au kazi zikiongezeka kwa muda mfupi, kwa hiyo kuna mwenzangu wa mashamba ya parachichi Rungwe huyo yanamhusu kwa wachumaji wake wa msimu, ila mpishi wangu anapika uji kila siku ya shule mwaka mzima, msimu wake uko wapi? Wale wawili wakaandikiwa mikataba ya muda usiojulikana, na wala haijaniua, maana nikipungukiwa kazi kweli kuna utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, unaongea nao kwanza, unawapa taarifa, unalipa stahiki, ndo njia yenyewe.

Nikamuuliza kuhusu miezi 11. Wenye shule mnajua nasema nini, kuna wanaosainisha walimu Januari mpaka Novemba ili Disemba wasilipe, na mimi nilikua nimefikiria. Akanionyesha kwenye simu yake kanuni za 2017 za sheria hiyo hiyo, mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu kama mwalimu usipungue miezi 12. Nikanyamaza.

Alafu akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kabisa, kwamba mkataba wa muda maalumu unamfunga na mwajiri. Tunaona kama unamfunga mfanyakazi peke yake. Ukishasaini miaka miwili huwezi mwezi wa tano kumwambia basi hela imekata, ukimkatisha katikati bila yeye kuvunja mkataba kwa kosa la maana anaweza kudai mishahara ya miezi yote iliyobaki. Kwa hiyo usiandike miaka mitatu kwa kujionyesha, andika muda ambao unauona. Na kiinua mgongo, kile cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha, mkataba ukiisha wenyewe kwa muda wake sheria haikulazimishi kulipa, ila kama nyie wawili mmekubaliana kuwe na mkono wa kwaheri iandikwe humo, asibaki anategemea kitu ambacho hakipo. Mimi nimeweka, mshahara wa mwezi mmoja akimaliza muda wote. Ni uamuzi wangu, baada ya yale yaliyopita niliona ndo sahihi.

Mkataba wenyewe ni kurasa tano, Kiswahili chepesi mpaka mwalimu alisoma mwenyewe akaelewa bila kuniuliza. Kipengele ninachokipenda ni cha 6. Kinasema miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho tutakaa, mwajiri atamwandikia barua kama anakusudia kuongeza au la na sababu yake, na hakuna kuendelea kazini baada ya tarehe hiyo bila karatasi mpya iliyosainiwa. Nikafurahi nikasema basi hapa niko salama. Wakili akanikatisha, akasema mama usije ukaitegemea hii karatasi ukaachia mdomo, ukiandika hivi alafu ukasimama tena kwenye maiki ukasema vile, au ukamuacha mtu aendelee kuja miezi miwili unamlipa, watasikiliza vyote viwili na watauliza wewe ulifanya nini, sio uliandika nini peke yake. Hii ndo kauli niliyolipia 80,000 na nailipia tena.

Maana ukiangalia, tarehe yangu ya mwisho kwenye fomu ya steshenari ilikua sahihi kabisa. Kilichoongeza mkataba ni mimi mwenyewe. Niliuongeza Januari nilipomuacha aingie darasani, nikauongeza nilipomuagiza ratiba, nikauongeza mbele ya wazazi. Fomu haikunikumbusha sababu fomu haiulizi swali.

Mapungufu ya hiyo ofisi yapo, nayasema. Waliniahidi siku mbili zikawa sita, na kila nikipiga simu naambiwa "iko kwenye printa". Rasimu ya kwanza ilikuja na maneno ya Kizungu kila mstari mpaka nikairudisha, nikawaambia mwalimu wangu na mimi wote tunaongea Kiswahili, wakabadilisha bila kunitoza. Jumamosi wanafunga, kwa mtu mwenye shule au duka ndo siku pekee ana nafasi. Na hawakukumbushi tarehe zikikaribia, nilidhani kwa hela ile watakua na utaratibu huo, hawana, tarehe unailinda mwenyewe. Nawapa nyota 4.

Kwa ambae hana 80,000, na najua wengi hatuna, msikimbilie fomu. Chukua daftari, kaa na mfanyakazi wako muandike kwa Kiswahili chenu majina, kazi, mahali, mshahara, masaa, likizo siku 28, inaanza lini inaisha lini, na mkikaribia mwisho mtafanyaje, msaini wote kila mtu abaki na yake. Ni bora mara mia kuliko zile kurasa mbili za pini, ilimradi mjue kwamba ikitokea ubishi kuhusu masharti na mwajiri huna maandishi, wewe mwajiri ndo unatakiwa kuthibitisha. Mfanyakazi na wewe usikubali kubaki bila nakala. Madamu nakala zake zote mbili alikua nazo, amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, hazina hata kunjo.

Mwalimu niliyenae sasa mkataba wake unaisha 31 Disemba 2026. Nimeandika tarehe 31 Oktoba kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu na nimeiweka kwenye simu ilie saa 2 asubuhi. Juzi kaja kuniuliza, mama na mwakani nipange kuhamishia mwanangu huku Uyole? Nilitamani kumjibu ndio palepale, ni mwalimu mzuri na watoto wanampenda. Nikamwambia mwanangu subiri Oktoba tukae tuandike, nisikuambie kitu kwa mdomo ambacho daftari la ada halijakubali.